Kuni za Simiyu Zinaungua Shambani

Pamba ikishavunwa na wakulima wakishalipwa, anayesafiri kutoka Maswa mjini kwenda Mwanhuzi wilayani Meatu kupitia Lalago ataona moshi ukipanda kulia na kushoto mwa barabara. Hakuna msitu unaoungua. Ni wakulima wanaotii amri ya siku nyingi ya wataalamu wa pamba: miti yote ya pamba ing'olewe, irundikwe na kuchomwa moto, ili funza mwekundu asikute vitumba vya kujibanza hadi msimu ujao. Jioni, nyuma ya nyumba za wakulima haohao, akina mama wanapima kwa macho mzigo wa kuni uliobaki na kuwaza utafika lini.

Mkoa unaoongoza kwa kilimo cha pamba nchini unateketeza shambani kitu ambacho jikoni unakitafuta kwa tochi. Kibaya zaidi ni wakati unapofanya hivyo. Moto huo huwashwa mwishoni mwa kiangazi, wiki chache tu kabla ya mvua za kwanza, yaani kabla ya kile kipindi ambacho kuni kavu huwa adimu kuliko wakati wowote wa mwaka. Tangu serikali ianze kusukuma ajenda ya nishati safi ya kupikia, Simiyu imesikia sana habari za mtungi wa gesi. Imesikia kidogo mno juu ya miti yake ya pamba, ambayo ikikaushwa, ikasagwa na kushindiliwa kuwa peleti, ingeweza kulisha majiko ya Lalago masika nzima.

Lalago ni kata ya wilaya ya Maswa, na ni njiapanda: kuna barabara itokayo Kolandoto upande wa Shinyanga, kuna ya Maswa mjini, na kuna ile iendayo Mwanhuzi hadi mto Sibiti na kuelekea Karatu. Ni nchi iliyo wazi. Jicho linafika mbali kwa sababu miti ya kulizuia ni michache, na uwazi huo una historia. Enzi za ukoloni Waingereza walifyeka vichaka vya Usukuma kwa maelfu ya hekta wakipambana na mbung'o. Baadaye pamba ikapanuka, ng'ombe wakaongezeka, na vichaka vilivyosalia vikaishia mafigani. Mwaka 1984 Mwalimu Nyerere alipoizuru Shinyanga, ambayo wakati huo ilikuwa na Maswa na Bariadi ndani yake, aliiita jangwa la Tanzania. Simiyu yenyewe ilikuja kuwa mkoa mwaka 2012.

Neno la Mwalimu liliuma, na likazaa matunda. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliojulikana kwa jina la HASHI, ulianza mwaka 1986 na kufanya jambo ambalo miradi mingi ya siku zile haikulifanya: uliwauliza wazee. Wazee wakataja ngitili, desturi ya Wasukuma ya kufunga kipande cha ardhi wakati wa mvua ili nyasi na miti viote, kisha kukifungua kiangazi kikikaza. Ngitili zilizokuwa na kumbukumbu mwaka 1986 zilikuwa hekta 600 hivi. Kufikia mwaka 2003 zilikadiriwa kupita hekta 350,000. Tathmini zilizofanywa baadaye zilionyesha kwamba katika vijiji vyenye ngitili, akina mama waliokoa saa kadhaa kwa siku walizokuwa wakizipoteza njiani kutafuta kuni.

Ni ushindi wa kweli, lakini ngitili haikuanzishwa kwa ajili ya jiko. Mwenye haki ya kwanza ndani yake ni ng'ombe, tena ndama na ng'ombe wa maziwa wasioweza kwenda malisho ya mbali. Watu wameongezeka tangu mwaka 2003, na kila shoka linaloingia kwenye ngitili linakata malisho ya kesho. Kwa hiyo kaya ya Lalago inaishi kwa mchanganyiko: kuni za ngitili kidogo, mabua ya mtama, samadi kavu, miti ya pamba iliyookolewa isiende motoni, mkaa wa kununua, na kwa wenye uwezo mtungi wa gesi wa kilo 6 unaotunzwa kwa chai ya asubuhi na wageni wa ghafla.

Mchanganyiko huo hubadilika na majira, na hapo ndipo watunga sera wengi wanapoteleza. Wao huuliza kaya inatumia nishati gani, kana kwamba jibu la Julai ni jibu la Januari.

Tuanze na kiangazi. Kuanzia Juni hewa ni kavu, na alfajiri za Juni na Julai joto hushuka hadi karibu nyuzi 15. Kwa mtu wa Makete hiyo ni hali ya kawaida. Kwa Msukuma wa mbugani ni baridi ya kujifunika shuka mbili na kusogea motoni. Ndiyo majira ya shikome, ule moto wa jioni ambao wazee walikaa na vijana kuwafunza historia na adabu, na ambao samadi kavu iliutosha kwa kuwa huwaka taratibu na kudumu. Ndiyo majira ya viazi vitamu pia. Michembe haihitaji kuni: viazi hukatwa vibichi na jua likafanya kazi yote. Matobolwa ni habari nyingine. Viazi huchemshwa kwanza, vyungu kwa vyungu, ndipo vikatwe na kuanikwa, na kila chungu kinakula kuni zake. Kiangazi, basi, moto unahitajika sana, ila cha kuwashia kipo na ni kikavu.

Mvua ikianza, hesabu inapinduka. Samadi inalowa. Kuni za kuokota zinalowa. Udongo wa mbuga, ule mweusi unaopasuka kiangazi na kunata masika, unafunga njia, na mkaa unaofika sokoni unapanda bei kwa sababu tanuri limelowa na baiskeli imekwama. Miti ya pamba, ambayo ingekuwa mkombozi, imeshageuka jivu tangu Septemba. Mama anayepuliza moto jikoni mwezi wa Desemba huku machozi yakimtoka anapigana na maji yaliyomo ndani ya ukuni.

Maji hayo si jambo dogo. Ukuni mbichi unaweza kuwa na maji hadi nusu ya uzito wake. Ukuni uliokaa juani na kivulini ukakauka vizuri hubaki na asilimia 15 hadi 20. Peleti iliyotengenezwa sawasawa haivuki asilimia 10. Kabla ukuni haujatoa joto la kupikia, sharti uyachemshe kwanza maji yake mwenyewe, na kila kilo ya maji hula takriban megajuli 2.5 za joto ili igeuke mvuke. Ndiyo maana kilo moja ya kuni mbichi hutoa megajuli 8 hivi, wakati kilo moja ya peleti hutoa 16 hadi 18. Anayebeba mzigo wa kuni mbichi kichwani kutoka ngitili amebeba nusu kuni na nusu maji, na maji ameshayachota mara moja kisimani.

Wenzetu wa nchi za baridi walilazimika kujifunza somo hili mapema. Sweden, Austria, Ujerumani na Italia ni miongoni mwa nchi ambako mamilioni ya watu hupasha nyumba joto kwa peleti, na Watanzania wanaoishi huko wanalijua lile jiko lenye kioo linalojilisha lenyewe punje za mbao. Huko mnunuzi huangalia kipimajoto. Vuli, baridi ikiwa bado ya kuvumilika, jiko huwashwa kwa moto mdogo na huvumilia peleti za daraja la chini, ijapokuwa kioo kitashika masizi. Theluji ikikaza na jiko likiwaka usiku na mchana, mnunuzi hutaka peleti ngumu, kavu, zenye jivu kidogo, maana jivu likijaa mashine huzimika na familia huamka na meno yanagongana. Ndipo ukaja utaratibu wa madaraja wa ENplus: daraja la A1 haliruhusiwi kuzidi asilimia 0.7 ya jivu, A2 asilimia 1.2, na B asilimia 2. Vita vya Ukraine vilipoanza Februari 2022 na biashara ya mbao za Urusi ikakatwa, bei ya peleti Ulaya ilipaa, na watu wakajua kwamba hata kuni zina siasa za kimataifa.

Kwa vipimo hivyo vya Ulaya, miti ya pamba ingefeli mtihani mlangoni. Jivu lake huwa kati ya asilimia 3 na 7, hutegemea udongo na jinsi ilivyong'olewa. Lakini kuichukua sheria ya Stockholm na kuipachika Lalago ni kukosa maarifa. Asilimia 0.7 iliwekwa kwa ajili ya mashine inayojiendesha yenyewe kwa muda mrefu bila kuguswa. Jiko la kupikia ugali humwagwa jivu kila baada ya chakula. Kilo moja ya peleti ikiacha gramu 50 za jivu, hicho ni kiganja kimoja cha jivu la kurudishwa bustanini, ambako potasiamu iliyomo itakuwa na kazi.

Kinachopaswa kuogopwa katika miti ya pamba ni udongo. Mtu akiung'oa mmea wa pamba kwenye mbuga, mzizi hutoka na bonge jeusi limeung'ang'ania, na hata likikauka halitoki lote kwa kupigwa chini mara moja. Udongo huo ukiingia kwenye mashine hula vyuma vya kushindilia. Ukiingia kwenye jiko lenye moto mkali, huyeyuka pamoja na chumvi za mmea na kuganda kuwa mabonge magumu kama vigae, yanayoziba matundu ya hewa. Mabonge ya namna hiyo yakishaziba hewa, jiko lililosifiwa kuwa halina moshi hutoa moshi kuliko mafiga matatu. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya kiwanda chochote cha peleti Simiyu itakuwa ya mikono: kung'uta mizizi, au kukata mti juu ya shina na kuacha mzizi uchomwe palepale kama kanuni inavyotaka.

Pumba za mpunga nazo hutajwa kila kikao cha mkaa mbadala, kwa kuwa mashine za kukoboa zinaacha vichuguu vyake. Zina jivu karibu asilimia 20, na sehemu kubwa ya jivu hilo ni silika inayochakaza vyuma. Waachiwe wachoma tofali.

Jinsi peleti inavyotengenezwa ni rahisi kueleza na vigumu kufanya. Malighafi hukaushwa hadi kubaki na maji asilimia 10 hadi 12, husagwa kuwa unga mkavu, kisha husukumwa kwa nguvu kubwa kupita kwenye sahani ya chuma yenye matundu ya milimita 6 au 8. Msuguano huleta joto la kupita nyuzi 80, na joto hilo hulainisha lignini, ile gundi ya asili iliyomo ndani ya mti. Punje ikitoka na kupoa, gundi inashika bila kuongezwa chochote. Unga ukiwa na maji mengi, punje hufumuka. Ukiwa mkavu kupita kiasi, mashine hukwama. Kilo 100 za miti ya pamba iliyorundikwa hovyo hujaza mkokoteni hadi ukapepesuka njiani, lakini peleti huwa na karibu kilo 650 katika mita moja ya ujazo. Ndiyo sababu mashine inapaswa iwe karibu na shamba. Kusafirisha miti mitupu hadi Mwanza ni kulipia nauli ya hewa.

Je, funza mwekundu? Bodi ya Pamba haikuweka kanuni ya kuchoma kwa kupenda moto. Wakulima wengi huzoea kubakiza mafungu ya miti ya pamba kando ya nyumba kwa ajili ya kuni, na ndani ya vitumba vilivyokauka humo mdudu hujificha akisubiri maua ya msimu mpya. India, yenye eneo kubwa la pamba kuliko nchi nyingine yoyote duniani, imepambana na tatizo hilohilo. Taasisi yake ya utafiti wa teknolojia ya pamba, CIRCOT, imetumia miaka mingi kujenga mnyororo wa kukusanya miti ya pamba, kuisaga palepale kijijini na kuifanya briketi na peleti za viwandani, jikoni na hata za kuchomea maiti. Wahindi huhesabu tani 2 hadi 3 za miti kwa hekta. Ujuzi huo umewahi kuletwa mezani kwa Tanzania, Uganda, Zambia na Zimbabwe kupitia mradi wa shirika la biashara na maendeleo la Umoja wa Mataifa, UNCTAD, uliohusu mazao ya ziada ya pamba. Hoja ya kitaalamu iko wazi: mti uliosagwa hauna mahali pa funza kulala. Kusaga kunatimiza lengo la kuchoma, alimradi kufanyike kabla ya tarehe ya mwisho, na alimradi hakuna anayebakiza rundo uani kwa kisingizio cha kusubiri mashine.

Hapa sheria ndogo za halmashauri zinahitaji meno na akili pia. Mkulima atakayeng'oa mapema na kuipeleka miti yake mahali pa kusagia ahesabiwe ametii. Atakayeiacha shambani hadi tarehe ya mwisho aichome, kama sasa. Hakuna haja ya kulegeza kanuni hata kwa siku moja.

Wapo watakaouliza kwa nini Simiyu ijisumbue na kuni zilizoshindiliwa wakati taifa linaelekea kwenye gesi. Swali ni halali. Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034, uliozinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan tarehe 8 Mei 2024, unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo 2034. Kabla yake lilitoka katazo la kuni na mkaa kwa taasisi zinazolisha zaidi ya watu 100, na shule nyingi zikahangaika. Lakini tuangalie tulipoanzia. Utafiti wa upatikanaji wa nishati wa 2019/20 ulikuta asilimia 63.5 ya kaya nchini zikipikia kuni, asilimia 26.2 mkaa, asilimia 5.1 gesi ya mitungi na asilimia 3 umeme. Gesi ya mitungi inaagizwa kutoka nje kwa fedha za kigeni, inashushwa bandarini, inasafirishwa nchi nzima, na mpaka ifike Lalago imeshabeba gharama za kila kituo. Mtungi wa ruzuku ni zawadi njema siku ya kwanza. Siku ya kuujaza tena, ruzuku haipo, na mkulima wa pamba anayepata kilo 200 hadi 300 kwa ekari hupokea fedha mara moja kwa mwaka. Kaya ya namna hiyo hununua nishati kidogokidogo, kama inavyonunua sukari, na gesi haiuzwi kwa kijiko.

Peleti huuzwa kwa kilo, hata kwa nusu kilo. Hiyo pekee ni sababu ya kuipa nafasi.

Ila isipambwe kupita ukweli wake. Jirani zetu wa Rwanda walishalijaribu jambo hili kwa bidii kuliko wote ukanda huu. Kampuni ya Inyenyeri, iliyokuwa na makao Gisenyi kando ya ziwa Kivu, iliwapa wateja jiko la Mimi Moto na kuwauzia peleti za mikaratusi. Watu wa vijijini waliweza kuleta vijiti na kubadilishana na peleti. Jiko lenyewe lina feni ndogo inayopuliza hewa kutoka chini na juu, inayotumia betri ya kuchajiwa kwa sola. Watafiti waliopima moshi majumbani mwa wateja, si maabara, waliandika mwaka 2019 kwamba lilikaribia usafi wa jiko la gesi. Mwaka uliofuata kampuni ikafunga milango. Jiko halikuwa na kosa. Kiwanda cha peleti kinahitaji ukubwa fulani ndipo kijilipe, na mtaji wa kukifikisha hapo haukupatikana kwa wakati. Zambia, majiko ya SupaMoto yametumia peleti za vumbi la mbao za misonobari, malighafi inayokusanyika yenyewe kwenye viwanda vya kupasua mbao. Funzo la nchi hizo mbili ni kwamba peleti hustawi pale malighafi inapokuwa imeshajilipia safari, na hufa pale inapobidi kupandwa, kukatwa na kubebwa kwa ajili yake tu.

Jikoni pia kuna masharti. Jiko la peleti hujazwa mara moja na kuwashwa kwa juu; ujazo mmoja huwaka kwa takriban saa moja, na kuongeza punje katikati ya mapishi huleta moshi. Kwa ugali na mlenda hiyo ni raha tupu: moto mkali unawaka mara moja na sufuria inatoka. Kwa makande na matobolwa, mpishi atahitaji jiko lenye tumbo kubwa, au atabaki na mafiga kwa siku hizo, na hakuna dhambi. Kiangazi, wakati kuni kavu zipo na mapishi ni ya vyungu vikubwa, kaya iendelee na kuni zake. Peleti ziwekwe akiba ya masika. Huko ndiko kuchagua nishati kwa majira, na akina mama wa Lalago wamekuwa wakifanya hivyo siku zote pasipo kuitwa semina.

Akiba hiyo itunzwe kama mahindi. Peleti haina ganda. Ikiguswa na unyevu inanyonya, inavimba na kurudi kuwa unga. Kuiweka chini kwenye sakafu ya udongo mwezi wa Machi ni kuitupa. Wakulima wa Maswa wanaijua mifuko ya PICS inayofungwa hewa isipite kuzuia dumuzi. Mfuko huohuo, juu ya chaga, utaifaa peleti. Mnunuzi naye ana kipimo kisichohitaji maabara: punje njema hung'aa kidogo, huvunjika kwa mlio mkavu, na huzama ikitiwa ndani ya glasi ya maji. Gunia lenye unga mwingi chini lirudishwe kwa mwenyewe.

Linabaki suala la dawa. Pamba hupuliziwa viuatilifu mara kadhaa kwa msimu, na mtu ana haki ya kuuliza nini kinabaki kwenye mti unaokwenda kuivisha uji wa mtoto. Mvua na jua huondoa sehemu kubwa, na kaya nyingi zinapikia miti hiyo hata sasa, lakini kuzoea hatari si ushahidi kwamba haipo. Mkemia Mkuu wa Serikali na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu wanao uwezo wa kupima. Kabla gunia la kwanza halijauzwa, majibu yabandikwe hadharani, na Shirika la Viwango, TBS, liandike kiwango cha peleti za masalia ya mazao kinacholingana na majiko yetu, kisiwe nakala ya cha Ulaya. Wanaotaka miti hiyo ilimiwe udongoni kurutubisha shamba nao wana hoja, ila siku hizi hairutubishi kwa namna hiyo: inachomwa, na kaboni yake inakwenda angani bila kuivisha hata kikombe cha chai.

Mitambo itawekwa wapi, na nani ataiendesha? Viwanda vya kuchambua pamba, jineri kama wengi wanavyoziita, vina kiwanja, mizani, maghala na umeme mkubwa, na hufanya kazi miezi michache baada ya mavuno, kisha hukaa kimya hadi msimu mwingine. Vyama vya ushirika vya wakulima, AMCOS, vinamjua kila mkulima, vina vituo vya kununulia, na vina daftari. Mtu aliyeuza pamba yake Julai kwenye kituo cha AMCOS anaweza kuleta miti yake Agosti kwenye kituo hichohicho, ikapimwa, akaandikiwa stakabadhi ya peleti za kuchukua Desemba. Hapo mkulima halipi senti wakati hana fedha. Ni ule mpango wa vijiti kwa peleti wa Rwanda, isipokuwa Simiyu malighafi ipo bila kupanda mkaratusi hata mmoja.

Na mkoa huu si mgeni wa kuthubutu. Wilaya ya Maswa ndiyo iliyokuwa na vijana waliotengeneza chaki za shule, wakati wa kaulimbiu ya wilaya moja bidhaa moja chini ya mkuu wa mkoa Anthony Mtaka, na Meatu ikafungasha maziwa yake. Biashara zile zilipata misukosuko ya kawaida ya mtaji na soko, ila zilionyesha kwamba halmashauri ikiamua inaweza kuweka mashine mikononi mwa vijana. Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu ilisimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa 2024. Kikundi kimoja Lalago kikipewa mashine ya kusagia na ya kushindilia, na kikaanza na mteja mmoja wa uhakika, kitakuwa na pa kusimama. Mteja huyo yupo: ni shule zilizokatazwa kuni, ambazo mvua ikianza bado zinatafuta lori la magogo kimyakimya. Shule ina jiko kubwa, ina ratiba moja ya chakula, ina stoo isiyovuja na bajeti inayojulikana tangu Januari. Halmashauri za Maswa na Meatu zinaweza kusaini mkataba na kikundi cha namna hiyo kabla ya mavuno yajayo, na Bodi ya Pamba ikatangaza mapema, kwenye tangazo lilelile la tarehe ya mwisho ya kuchoma, mahali ambapo miti itapokelewa na bei ya kilo moja.